Pilau ya Kasongo: Mlo uliovuka bahari, ziwa na Lualaba

Mfanyabiashara wa Kongo ya Mashariki anayekwenda Dubai kufunga mzigo wa nguo, simu au vipuri vya pikipiki hahangaiki akipata njaa. Katika mitaa ya Deira na Bur Dubai mikahawa ya Waajemi ipo mingi. Akiketi, ataletewa wali mweupe uliochambuka punje kwa punje, juu umetiwa zafarani. Kando yake kutakuwa na mishikaki ya nyama ya kusaga na ya vipande, nyanya iliyochomwa motoni, kitunguu kibichi, majani mabichi ya kutafunia, na bilauri ya mtindi uliochanganywa na maji, chumvi na nanaa. Kama mfanyabiashara huyo ni mtu wa Kasongo au Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, hapo mbele yake pana chakula cha kigeni ambacho nusu yake anaijua tangu utotoni.

Wali wa punje zisizoshikana anaujua, kwani kwao mpishi hupimwa kwa wali huo. Nyama ya vijitini anaijua. Ukoko wa chini ya sufuria anaujua pia, na huenda aliwahi kupigana na ndugu zake kwa ajili yake. Watu wa kwao walianza kupika wali kwa namna hiyo yapata miaka 150 iliyopita, kabla ya reli, na kabla nchi yao haijaitwa Kongo.

Mikahawa ya Kiajemi leo imetapakaa katika miji mikubwa ya dunia. Baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979, familia nyingi zilihama na kwenda kuanza maisha mapya ughaibuni. Mtaa wa Westwood mjini Los Angeles ulijaa maduka na mikahawa yao hata watu wakaupachika jina la Tehrangeles. London na Toronto nako Wairani walifungua mikahawa yao, na kwa aliyeihama nchi yake, meza ya mkahawa huo ni mahali pa kukutana na lugha, muziki na ladha ya kwao.

Kasongo haina mkahawa wa namna hiyo. Kusini mwa Maniema, hata hivyo, kuna jambo ambalo Los Angeles na London hazina. Huko mapishi yenye asili ya Uajemi yalishuka kutoka meza ya mgeni yakawa chakula cha mwenyeji, kizazi baada ya kizazi, yakipikwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari. Ninachotaka kusema katika makala haya ni kimoja: pilau ya Kasongo ni mali ya Kasongo, wanawake wa Maniema ndio walioitunza, na wakati umefika iwekwe mezani kwa jina lake na mpishi apewe heshima yake.

Kutoka Uajemi hadi Unguja

Wali wa kupikwa kwa mafuta, nyama na viungo umesafiri sana. Kutoka Uajemi ulienea Asia ya Kati, Uturuki na India, na kila nchi ikaweka mkono wake. Mpishi wa Kiajemi huloweka mchele katika maji ya chumvi, huuchemsha kidogo, huuchuja, kisha huurudisha sufuriani ukomae kwa mvuke taratibu. Mpishi wa Kihindi alizidisha viungo na kupenda nyama na mchele viive pamoja. Pwani yetu ilipokea mikono yote miwili, kwa kuwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi yalitoka Ghuba ya Uajemi, Arabuni na India kwa pamoja. Sambusa nayo ina asili huko huko Uajemi, na kababu vilevile.

Watu wa pwani wamesimulia tangu zamani kwamba baadhi ya mababu zao walitoka Shirazi. Historia ya Kilwa inamtaja Ali bin al-Hassan kuwa ndiye aliyekuja na jamaa zake na kuanzisha utawala. Wanahistoria walibishana muda mrefu: wengine waliikubali habari hiyo, wengine wakaiona ni hadithi ya kujitafutia ukubwa. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani ya Kenya na Tanzania na maeneo ya karibu kati ya miaka ya 1250 na 1800. Ulionyesha kwamba watu wengi wa miji ile walikuwa na damu ya Afrika na ya Asia, na kwamba sehemu kubwa ya damu ya Asia ilitoka Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Jambo la maana zaidi kwa habari yetu ya chakula ni hili: damu ya Uajemi iliingia zaidi kwa upande wa baba, na upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote.

Hapo ndipo jikoni panapoeleweka. Mwanamume alishuka jahazini akiwa na ladha ya kwao mdomoni, lakini aliyesimama mbele ya mafiga alikuwa mwanamke wa Kiafrika. Yeye ndiye aliyeleta nazi, mtama na samaki wa kwao, akaamua nini kipikwe na nini. Mambo yale yale yakaja kutokea tena karne nyingi baadaye, mbali na bahari, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa kitovu cha ladha hizo. Sultani Said bin Sultan alioa binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, na mabafu ya Kidichi aliyomjengea, yenye mapambo ya Kiajemi kutani, yamesimama hadi leo. Yalijengwa mwaka 1850. Makunduchi wanaadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayonasibishwa na Washirazi. Kutoka Unguja hiyo, yenye karafuu na pilau ya harusi, walitoka watu walioelekea bara.

Njia ya kwenda Kabambare

Msafara uliondoka Bagamoyo, ukapita Tabora, ukafika Ujiji. Kipande hicho peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Kutoka Ujiji watu walivuka ziwa kwa mashua hadi Mtowa, wakapanda milima, wakaingia nchi ya Wabangubangu. Kabambare ilikuwa kituo cha kupumzikia na cha kuhifadhia mali. Mbele yake palikuwa na Kasongo, na mbele zaidi Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba.

Mpelelezi David Livingstone alifika Kabambare, ambayo katika shajara yake anaiita Bambarre, mwezi Septemba 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza hapo kwa muda mrefu. Aliichukia biashara ya utumwa kwa moyo wake wote, na hata hivyo alilazimika kutegemea msaada wa wafanyabiashara wale wale.

Msafara uliweza kubeba chumvi, bizari na majani ya chai, lakini mchele wa kula miaka haubebeki vichwani mwa wapagazi. Mtu wa pwani aliyekusudia kukaa bara alibeba mbegu. Alipofika mahali penye mvua nyingi na udongo uliopumzika chini ya msitu, alifyeka akapanda mpunga. Alipanda pia miembe, michungwa, mipera na mikomamanga.

Aliyelifanya jambo hilo kwa ukubwa kuliko wote ni mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Katikati ya miaka ya 1870 alijiimarisha Kasongo baada ya kujipatia utawala huko Utetera. Mpelelezi Verney Lovett Cameron alikutana naye mwaka 1874, na Henry Morton Stanley mwaka 1876. Uzeeni mwake aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho ni miongoni mwa tawasifu za kwanza katika lugha yetu. Alifariki Unguja mwaka 1905.

Picha ya wazi zaidi ya chakula cha Kasongo ya wakati ule tumeachiwa na adui. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, yaliuteka mji huo kutoka mikononi mwa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja nao, alieleza alichokiona katika kitabu chake cha mwaka 1897. Maghala ya mji mzima yalijaa mchele, kahawa na mahindi. Sukari ilikuwapo kwa wingi, na vyombo vya fedha na bilauri za kioo vilitapakaa majumbani. Bustani zilikuwa na machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Anasema aliwahi kupita katika shamba moja la mpunga akiwa juu ya mnyama kwa muda wa saa moja na nusu kabla hajalimaliza.

Shamba la saa moja na nusu! Anayejua palizi ya mpunga anaelewa maana yake. Na komamanga, tunda ambalo Waajemi hulipikia mchuzi mzito wenye jozi na nyama ya bata au kuku, lilikuwa likiiva kando ya msitu wa Maniema, maelfu ya kilomita kutoka bustani za Shirazi.

Gharama ya mlo huo

Shamba lile hakulilima Tippu Tip, wala Sefu. Walililima watu waliokamatwa. Kila chungu cha wali kilichopakuliwa barazani kwa mabwana wa Kasongo kilikuwa na jasho la mtu aliyetolewa kwao kwa nguvu. Historia ya pilau isiyotaja jambo hilo haifai kusimuliwa.

Livingstone alishuhudia soko la Nyangwe likifanyika ukingoni mwa mto. Maelfu ya watu, wengi wao wanawake, walikuja na samaki, mihogo, mawese, vyungu na kuku. Lilikuwa soko la wenyeji lenye taratibu zake. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa msafara waliingia sokoni na bunduki, wakaanza kubishania bei ya kuku, kisha wakafyatua risasi katikati ya umati. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengi wakafa maji. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alishindwa kuendelea na safari yake, akarudi Ujiji, na huko ndiko Stanley alikomkuta.

Nimelitaja soko hilo kwa sababu waliouawa ndio waliokuwa wakiilisha nchi. Wale wanawake walijua samaki yupi hukaushwa na majani yapi hutwangwa. Wenzao waliobaki hai, pamoja na wale waliotekwa na kuolewa au kutumikishwa majumbani mwa watu wa pwani, ndio walioingia katika majiko ya Kasongo na Kabambare. Wao walifundishwa pilau. Nao wakawafundisha wageni kula kilichopo.

Sinia moja, nchi mbili

Matokeo yake yanaonekana leo katika sahani ya kila siku ya Maniema ya kusini: wali na sombe. Majani ya mihogo hutwangwa kinuni hadi yalainike, huchemshwa kwa muda mrefu, kisha hutiwa mawese mekundu, chumvi na pilipili. Penye samaki wa Lualaba huongezwa samaki. Sombe ni ya msitu na mto. Wali ni wa msafara. Hakuna mtu wa Kasongo anayevitenganisha, wala anayejiuliza kama anakula chakula cha nchi mbili. Ugali wa mihogo upo na unapendwa, ila mgeni akija, mwenyeji wa Maniema hutafuta mchele.

Pilau yenyewe ina siku zake. Ni chakula cha Idi, cha Maulidi, cha harusi na cha hitima. Hutolewa katika sinia, na watu huketi mkekani wakala kwa mkono wa kulia baada ya kunawa. Kasongo ni kitovu cha zamani cha Uislamu nchini Kongo na papo hapo ni makao ya askofu Mkatoliki, na familia nyingi zina watu wa pande zote mbili. Mchinjaji akiwa Mwislamu, nyama inaliwa na wote. Adabu hiyo ndogo ya jikoni imesaidia amani ya mji huo kuliko hotuba nyingi.

Tusimame kidogo mbele ya sufuria. Mpishi wa pilau anaanza na vitunguu, vingi, vilivyokatwa vyembamba. Anavikaanga hadi vigeuke rangi ya kahawia iliyokolea, kwa sababu rangi yote ya pilau inatoka hapo. Akivitoa mapema wali utakuwa mweupe, akivichelewesha utakuwa mchungu. Kisha anatia kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, halafu bizari ya pilau, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Nyama ya mbuzi imeshachemshwa, na supu yake imewekwa kando. Nyama inaingia, inageuzwa hadi ishike viungo, ndipo supu inapomiminwa na kuachwa ichemke.

Mchele umeoshwa mara kadhaa na kuchujwa. Unatiwa wakati supu inatokota, na kuanzia hapo mpishi anapima kwa jicho. Maji yakikaribia kukauka anapunguza moto chini, anafunika, na kupalia makaa juu ya kifuniko. Sasa wali unapata joto la juu na la chini, mvuke hauna pa kutokea, na punje zinajitenga zenyewe. Mpishi wa Kiajemi hufikia jambo hilo hilo kwa kufunga kitambaa kwenye kifuniko ili kinywe mvuke usidondoke tena juu ya wali.

Viungo vinavyofika Kasongo hupitia kwa wachuuzi wa Bukavu, Uvira au Kalemie, na barabara ikiharibika huadimika. Hapo mpishi hutegemea vitunguu, saumu na tangawizi, na bado wageni hula wakashukuru. Ustadi wake uko katika moto na maji kabla ya kuwa katika pakiti ya bizari.

Chini ya sufuria kunabaki ukoko. Katika mikahawa ya Kiajemi ya London na Los Angeles, ukoko huo ndio fahari ya mpishi. Huandaliwa makusudi kwa siagi na zafarani, wakati mwingine juu ya vipande vya viazi au mkate, ukageuzwa juu ya sahani ukiwa mzima, wa rangi ya dhahabu, na mgeni wa heshima ndiye anayekatiwa kwanza. Kwetu sisi ukoko hukwanguliwa ukapewa watoto, na mgeni hauoni kabisa. Ni chakula kile kile na utamu ule ule. Waajemi walikitoa jikoni wakakileta mbele ya watu bila haya, na watu wakakilipia. Hilo ni somo tunaloweza kulichukua bila gharama yoyote.

Mpunga baada ya misafara

Waarabu walishindwa, mpunga ukabaki. Kabambare ilitwaliwa Januari 1894, kiongozi wao Rumaliza akakimbilia upande wa Wajerumani, na biashara ya misafara ikafa. Wenyeji waliokuwa wamejifunza kilimo hicho waliendelea nacho, sasa kwa ajili yao na watoto wao. Utawala wa Kibelgiji nao ukaingilia kati kwa njia yake: amri ya mwaka 1917 iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, pamba na mpunga miongoni mwayo, hadi siku 60 kwa mwaka, na aliyekataa aliadhibiwa. Mpunga ukawa umelimwa chini ya viboko vya mabwana wawili tofauti. Leo unalimwa na mkulima kwa hiari yake, na sijui ushahidi mkubwa zaidi wa kwamba umekuwa wake.

Mpunga wa Maniema kwa sehemu kubwa ni wa nchi kavu. Hautaki mabwawa, unategemea mvua na ardhi iliyofyekwa. Wanaume hufyeka na kuchoma, wanawake hupanda na kupalilia, watoto huwinga ndege mpunga unapoanza kukomaa. Baada ya mavuno hukobolewa kwa mashine palipo na mashine, na kwa kinu na mchi pasipokuwapo. Mchele wake unaweza kuwa na punje zilizovunjika, lakini una harufu ya mchele mpya ambayo mchele uliokaa miezi melini na maghalani umekwisha kuipoteza.

Kikwazo chake ni njia. Reli ya kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo, kwenda kusini ilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, upande wa magharibi wa Lualaba, na treni zake zimekuwa za kubahatisha kwa miaka mingi. Barabara ya kwenda Bukavu huharibika wakati wa mvua hadi malori yanalala njiani. Kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mchele kwa siku kadhaa ndiye msafara wa leo. Bukavu na Goma, miji yenye walaji wengi, hununua mchele uliosafiri kutoka Asia na Tanzania, huku mkulima wa Kasongo akiuza wake kwa bei ya kutupa kwa sababu mnunuzi hafiki.

Kabambare ina taabu yake ya ziada. Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, imevuta watu wenye bunduki, na katika miaka ya karibuni mapigano yamewahamisha wanakijiji wengi kutoka mashamba yao. Mpunga hauwezi kulimwa na mtu anayelala msituni kwa hofu. Familia iliyokosa msimu mmoja inakula mbegu yake, na msimu unaofuata haina cha kupanda. Anayejadili chakula cha Maniema bila kutaja usalama wa Kabambare anazungumzia sufuria tupu.

Kutoka jikoni hadi mezani

Watafiti wa mambo ya kale, Noemie Arazi na wenzake, wakiwemo Wakongomani, wamefanya kazi Kasongo Tongoni, palipokuwa na mji wa zamani, wakichimba na kusikiliza kumbukumbu za wazee. Kazi hiyo inastahili pongezi. Lakini kumbukumbu nyingine haiko ardhini. Iko mikononi mwa bibi anayejua kwa kugusa tu kama maji ya wali yametosha, na bibi huyo akiondoka bila kumfundisha mjukuu, hakuna jembe la mtafiti litakaloichimbua.

Restora ndogo za miji yetu zinafanya kazi ya lazima. Benchi, meza yenye kitambaa cha plastiki, sahani ya wali, sombe, maharage, kipande cha samaki, maji ya kunawa. Msafiri anashiba na kuendelea na safari. Kinachokosekana ni fahari. Mwenye restora huona pilau kuwa chakula cha nyumbani kisichofaa kuandikwa ubaoni, na akipokea mgeni kutoka Kinshasa au Ulaya hukimbilia kumkaangia viazi na kuku ili aonekane mstaarabu. Waajemi wa Los Angeles walifanya kinyume. Walimpa mgeni kile kile walichokula kwa mama zao, kwa jina lake, wakaeleza kinaliwaje, na mgeni akarudi na wenzake.

Jambo hili linawezekana Kasongo bila mtaji wa ajabu. Mchele upo umbali wa kilomita chache. Mbuzi wapo. Samaki wa wavuvi wa Kigenya wapo mtoni. Mapishi yapo katika kila mtaa wenye harusi. Mama watano wanaopikia shughuli za watu wanaweza kuungana, wakawa na siku moja ya juma inayojulikana mji mzima, Ijumaa au Jumapili, ambapo pilau ya Kasongo inauzwa mezani kwa bei inayoeleweka, ukoko ukiwa katika sahani yake. Mchele utajwe umetoka kijiji gani. Vijana wanaopika wasimame karibu na wazee wao wajifunze moto.

Serikali ya jimbo pale Kindu nayo ina wajibu wake. Maniema imekuwa jimbo kamili tangu 1988, na bado mkulima wake wa kusini hawezi kuufikisha mchele wake sokoni kwa uhakika. Barabara ya Kasongo na usalama wa Kabambare ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. Bila hayo, hata meza nzuri kiasi gani itakosa cha kuwekwa juu yake. Wakuu wanaokuja Kasongo kwa mikutano waanze na jambo jepesi: waagize wali wa mpunga wa hapo, wakatae wa gunia lililotoka ng'ambo.

Na wewe msomaji, ukiwa Bukavu, Lubumbashi, Dar es Salaam au Dubai, huenda una mama, shangazi au bibi aliyetoka upande wa Kasongo au Kabambare. Mpigie simu wiki hii umuulize anavyopika pilau: vitunguu kiasi gani, makaa yanapaliwa wakati gani, nani alimfundisha. Andika majibu yake pamoja na jina la aliyemfundisha. Ukifungua restora siku moja, umwajiri akupikie, umlipe vizuri, na jina lake liandikwe ubaoni juu ya bei.